Nyanya Chungu, Bamia

Jumamosi ya kwanza sikupewa ngoma.
Nilipewa dumu la maji, la manjano, tupu,
lenye ufa ubavuni. Na Tunu Mwinyimvua,
ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu,
akaniambia: Vua saa.

Nimekuwa karani wa shehena miaka ishirini na minane.
Najua kuhesabu. Nikamwambia hivyo.
Akacheka, si kwa dharau.
Ngoma haihesabiwi, mzee. Ngoma inasemwa.
Na somo lake la kwanza lilitoka gengeni:
nyanya chungu, bamia,
nyanya chungu, bamia.
Nya-nya kwa kiganja, chu-ngu kwa ncha za vidole,
ba-mi-a ukishuka katikati ya ngozi,
kisha utoe mkono, uiache ivume.

Ngozi ipi? Nina dumu.

Tuko Buguruni, uani nyuma ya fundi wa pancha,
wanafunzi saba na mbuzi wa jirani.
Shomvi ana miaka tisa, anapiga chapuo
huku akipiga miayo, wala hakosei.
Mimi nakosea kwa bidii, jasho likinidondoka puani.

Mkono wangu wa kushoto
haujawahi kufanya kazi. Nasema kweli.
Miaka yote hiyo ulibana karatasi isipeperuke
ili wa kulia uandike.
Leo unaitwa mbele za watu
na unakuja kama aliyechelewa msibani:
kichwa chini,
unakaa popote.

Mwezi wa tatu ikawa warsha, siku mbili,
akaja Fundi Kondo kutoka Kisarawe
na ngozi iliyolala majini usiku kucha.
Akatufundisha kuwamba: vuta huku, gongomea mambo,
vuta kule, usiionee huruma, usiichane.
Kabla ya kupiga, tukanze. Moto wa nini? Wa karatasi.
Nikafungua mfuko niliotoka nao nyumbani,
nakala za fomu, magunia ya mchele, mapipa ya lami,
meli ambazo nimeshasahau majina yake,
kila ukurasa una sahihi yangu pembeni.
Zikawaka upesi kuliko nilivyotaka.
Ngozi ikakaza. Kondo akaigusa kwa kidole kimoja tu
na ua zima likanyamaza, hata mbuzi.

Nyumbani Vingunguti ukuta ni mmoja, vyumba viwili.
Upande wa pili ni Bi Siwazuri, mkaanga mihogo,
ambaye kwake saa kumi alfajiri ni asubuhi.
Usiku wa kwanza aligonga ukuta kwa mchi.
Nikahamia kwenye godoro.
Akagonga tena, maana nilikuwa nasema kwa sauti.
Nikahamia kwenye goti, mdomo nimeufumba,
nikawa mtu mzima anayejipigapiga gizani
akiwaza mboga.

Kisha juzi umeme ukakatika.
Feni za mtaa mzima zikasimama kwa pamoja,
na katika ule ukimya, nisijue nafanya nini,
vidole vikashuka mezani:
nyanya chungu, ba

na kushoto kwangu kukajikwaa, kama kawaida.

Ukutani, taratibu, ngo ngo ngo.
Mapigo matatu, kila moja mahali pake.
Nikadhani nimeudhi. Nikakunja vidole.
“Mi!” sauti ikasema kupitia ukutani.
“Hiyo mi unaichelewesha. Kila siku hapo hapo.
Haya, anza, kabla sijalala.”

Nikaanza. Akagonga. Nikakosea, akanyamaza
mpaka nirudi mwanzo mwenyewe.
Sijui tulikwenda hivyo mara ngapi. Sikuhesabu.
Umeme uliporudi feni zikatufunika
nami nikabaki na kiganja mezani,
kikiwasha.

Tunu sijamwambia bado
kwamba nina mwalimu wa pili,
tena mkali.