Daftari la Mechi Zisizohesabiwa

Ligi haizitambui. Pekua majedwali yote,
hutazikuta: ni mechi za Septemba tu,
za kupasha misuli, za kumjua golikipa mpya
kama mikono yake ni ya kudaka au ya kupungia.
Rasharasha, si mvua.

Lakini baba aliziandika.
Daftari la kwanza lina jalada la kijani,
linanuka kahawa na vumbi la mbao,
maana mchana alikuwa karani wa kiwanda
na jioni karani wa mambo yasiyo na mshahara.
Ukurasa wa kwanza, mwaka wa hamsini na nane
(siku hizo ilikuwa Novemba, kabla ya paa na mitambo,
watu wakingoja ziwa lenyewe ligande):
*Hietakoski tatu, Sågnäs saba. Barafu nyembamba.
Refa ana mafua. Kipyenga amepuliza mkewe.*

Mshindi alipewa birika la shaba
ambalo Raakel wa kantini alilitoa kabatini
kwa sababu lilikuwa linavuja.
Mpaka leo linavuja.
Mpaka leo tunaligombania.

Sisi ukingo huu wa mto, wao ule,
daraja moja, nchi mbili,
na saa ya kwao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima.
Sitini na tatu tuliingia uwanjani saa kumi na mbili ya kwetu,
tukafunga mabao mawili katika lango lisilo na mtu,
wao wangali wanamenya viazi.
Baba aliyaandika yote mawili,
kisha akakata moja. Kwa haki, alisema.
Hadi anakufa hakueleza kwa nini moja.

Themanini na sita mtambo wa baridi ulikata roho
kipindi cha pili, mbele ya macho yetu.
Maji yakafika vifundoni.
Wakavua viatu vya makali, wakavaa mabuti ya mpira,
na kile kisahani cheusi kikaelea
kama ukoko wa mkate kwenye mchuzi.
*Nne kwa nne. Wote wamelowa.*

Kisha kiwanda kikafungwa.

Mwaka ule tulileta wachezaji tisa.
Sågnäs wakatuazima watatu, bila maneno,
kama jirani anavyokumegea chumvi.
Mmoja wao, Torvald Nyblad, akawafunga wenzake,
halafu akasimama akilitazama gongo lake
kana kwamba limemsaliti.
Tukashinda. Birika tukawapelekea wao,
nao wakalirudisha asubuhi, limesuguliwa, linang'aa,
na tundu lake lile lile.

Daftari la tatu, ukurasa wa kumi na tisa,
mwandiko wa baba unaanza kutetemeka.
Saba inafanana na moja.
Ukurasa wa ishirini ni mwandiko wangu.

Ukaja mwaka wa maradhi, daraja likawekwa uzio.
Niliandika tarehe, nikauacha mstari mtupu,
nikafunga kitabu.
Lakini Taisto Rautio na Sixten Marklin,
waliong'oana meno mwaka wa sabini na moja
na hawajasalimiana tangu hapo,
walifika kila mmoja upande wake, na magongo,
wakasukumiana kisahani chini ya waya
juu ya lami kavu, hadi giza.
Mlinzi wa mpaka, kijana, hakuwa na la kufanya,
akahesabu.
Nilimpigia simu. Kumi na moja kwa tisa, akasema,
akakata kabla sijauliza nani kampiga nani.
Nimeandika hivyo hivyo.

Alhamisi wanakuja tena.
Nimechonga penseli. Birika liko dirishani
na bakuli chini yake.
Nimewatumia ujumbe: saa kumi na mbili jioni, msichelewe.
Wamejibu, kama kila mwaka:
ya nani?