Mdomo wa Pili

Morag anasema safari hii atakufa.
Tunakunja mashuka ya hospitali, zamu ya usiku, Dundee,
yeye pembe mbili, mimi pembe mbili,
tunakaribiana, tunaachana.
"Ana miaka sabini na tatu. Magoti yamekwisha.
Watamzika kwa heshima, dira ya shaba wampe kijana."

Mimi nabisha. Filamu ya sita iliishia kwenye barafu:
ufa ulifunguka, akadondoka,
ikabaki glavu ya kushoto juu ya theluji.
Glavu si maiti. Na pasipo maiti
kwetu hatukai matanga.

Lakini hoja yangu ya kweli sijamwambia.

Mbili za kwanza niliziona Kigoma,
banda la video nyuma ya mashine ya kusaga.
Ruhinda, tuliyemwita Mdomo wa Pili,
alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti
akitafsiri Kiingereza ambacho, nilikuja kugundua, hakukijua.
Nahodha Voss alipomnong'oneza yule mwanamke ndani ya treni,
Ruhinda akatwambia: "Anasema, mtunze binti yetu.
Mfiche. Akikua nitamfuata."
Banda zima kimya. Hata jenereta, naapa, ilishusha pumzi.

Niliiona tena hapa, ukubwani,
kwa masikio yangu mwenyewe.
Nahodha anasema tu: "Tiketi unazo wewe?"

Hakuna binti.
Si katika ya pili, si ya tatu, wala ya sita,
na bado kila taa zikizimwa namtafuta:
yule mhudumu wa hoteli? Yule rubani mwenye kovu?
Umri wake ninao. Mwaka huu katimiza arobaini na moja,
kama mimi.

"Haya, wewe unadhani ya saba itakuwaje?"
Morag anauliza, akivuta foronya iliyonasa kwenye mashine.
Namwambia: mtu atateremka ule ufa kwa kamba.
Mwanamke. Hatajieleza.
Atakuwa amevaa glavu ya kulia.

Morag anasimama.
"Ya kulia kaipata wapi?"

Swali zuri. Ruhinda angelijibu papo hapo,
bila hata kumeza mate.

Nje, lori la nguo chafu linarudi kinyumenyume,
taa zake zinapiga dirisha, zinapiga shuka
tulilolitandaza hewani katikati yetu,
na vivuli vya vyuma vya dirisha vinapita juu yake
kama behewa moja, la pili, la tatu.
Morag haachii pembe zake. Anasubiri.

Nasafisha koo.
"Anasema," naanza.