Mizingo Elfu Nne na Mia Mbili

Radovan amepanda ngazi sabini na mbili
(najua, mimi huhesabu kila kitu)
na boksi la viatu kifuani,
ndani yake transfoma mbili kutoka sinema iliyofungwa
karibu na kituo cha tramu, hapahapa Ostrava.
Makopo yake ya chuma yamepauka
kama sufuria za mgane.

Anaunda kikuza sauti, anasema, kile cha mwanzo,
kinachopokea mnong'ono wa sindano ya santuri
na kuufundisha kusema.
Valvu anazo nne, kanunua kwa mjane wa fundi redio
kwa bei ya viatu vizuri.
Anazifunua moja moja kwenye pamba:
kioo, miguu tisa myembamba,
na utosini doa la fedha.
Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia,
usihangaike, huyo ni maiti.

"Mama Drahomíra, si ulikuwa kiwandani?"

Nilikuwa. Miaka ishirini na tisa, benchi la tatu,
nikizinga shaba nyembamba kuliko unywele wa mtoto,
mizingo elfu nne na mia mbili kila koili,
karatasi ya nta kati ya tabaka na tabaka,
midomo ikihesabu bila sauti
hata majirani wakadhani nasali.

Nikaipindua ya kwanza. Muhuri wangu.
Nikaipindua ya pili. Muhuri wangu, na tarehe:
mwezi wa nane, mwaka wa sitini na nane.
Nikaomba kiti. Kumbe nimekaa.

Asubuhi ile vifaru vilipita chini ya dirisha
na bisibisi zikacheza mezani zenyewe.
Nilikuwa nimefika elfu moja mia tisa na kumi na moja.
Au kumi na mbili. Au niliruka mia nzima.
Msimamizi Oldřich akavuta pazia, akasema: Zingeni.
Tukazinga.
Nikakisia, nikamaliza, nikapiga muhuri,
na uongo wangu mdogo ukafungiwa koponi
ukaenda zake duniani.

Sikumwambia kijana.
Wiki tatu chumba chake cha chini kilinuka lehemu na utomvu wa msonobari.
Alisokota nyaya za utambi mbili mbili kama nywele za msichana,
akalichoma zulia, akajichoma kidole gumba,
akazikusanya nyaya za ardhi zote sehemu moja.
Jumapili akawasha. Tambi zikaiva polepole, rangi ya chungwa,
na spika zikavuma kama nyuki waliokosewa adabu.
"Geuza transfoma ya umeme," nikasema. "Robo tu. Isizitazame zile mbili."
Akageuza. Nyuki wakahama.

Kisha kwaya ya wachimba makaa, santuri ya baba yake.
Kuna mtu safu ya nyuma
anayevuta pumzi kabla ya wenzake.
Hatukuwahi kumsikia, na alikuwa humo siku zote.

"Kulia kunazidi," Radovan akasema. "Kidogo."
Akabadilishana valvu, ya kulia kushoto.
Kulia kukazidi.
Akabadilishana nyaya.
Kulia.
Akaishika transfoma: "Labda niifungue?"

Ee, nilitaka! Kukwangua nta kwa kisu cha viazi,
kuzingua mzingo kwa mzingo kile nilichozinga nina miaka kumi na tisa,
nihesabu kwa sauti, mlango wazi,
na nijue.
Na kwaya ibaki rundo la shaba sakafuni.

"Iache. Sogeza kiti kushoto," nikamwambia.
"Zaidi kidogo. Upana wa kiganja. Hapo."
Akakaa. Akafumba macho. Akanyamaza,
na huyu kijana hanyamazi.

Nikapanda kwangu.
Kwenye ngazi ya arobaini na kitu nikapotewa na hesabu,
nikaendelea kupanda.