Jicho la Ng'ombe, Kutaisi

Mwalimu Tsiala alilinunua buchani,
likaja limefungwa gazeti lililolowa.
Kwa wembe akakwangua kisogo cha jicho
hadi utando ukawa kama ganda la kitunguu,
akalielekeza dirishani.

Tukachungulia, mmoja mmoja:
theluji ikipanda badala ya kushuka,
mnara wa kanisa umesimama kwa ncha,
na bawabu Vazha, sigara mdomoni,
ananing'inia kama popo.

"Ndivyo retina inavyopokea," alisema.
"Ubongo ndio unaowasimamisha watu."

Nikauliza: na pale neva inapotokea,
pasipo na seli ya kuona?

"Pale ni tundu.
Kila mtu hulitia kiraka, asijue."

Kisha akaita majina.
Alipofika kwa Otari akanyamaza kidogo,
akaweka tiki.