Safu ya Sababu

Daftari la ajali lina safu tano.
Tarehe nimeandika. Saa nimeandika:
tisa na robo usiku.
Jina: Asaa Faki Shaame, chumba cha pili, kitanda cha dirishani.
Jeraha: nyonga ya kushoto; kiwiko kimechubuka.
Safu ya tano imeandikwa SABABU,
na hapo kalamu imenigomea.

Ningeandika "aliteleza."
Herufi tisa, zinaenea kwenye mstari.
Neno halina mwenyewe, halina mkono wala ndoo.

Ukutani, juu ya meza ya dawa,
kanuni zimebandikwa kwa utepe uliogeuka rangi ya chai:
Nawa mikono kabla na baada.
Mgonjwa asinyanyuliwe na mtu mmoja.
Sakafu ikipigwa deki, kibao kiwekwe.
Sista Zuwena alinisomea siku niliyoajiriwa,
nami nikaitikia kila mstari, "Sawa, sista,"
kama mtoto wa chuoni anayefuata alifu kwa kijiti,
moyo uko nje, kwenye nage.

Basi kibao kiko wapi?
Kile cha manjano, chenye picha ya mtu anayekwenda chali,
tangu mfunguo mosi kinashikilia mlango wa jikoni
usibamizwe na upepo.
Tumekizoea pale. Paka hulala chini yake.

Na mwenzangu wa zamu yuko wapi?
Riziki kaenda Mtambwe, karafuu zimeiva,
pishi za kuchuma kutwa moja zinamlipa
kuliko usiku wa Wete na harufu ya dawa ya choo.
"Nishikie siku tatu tu, shoga yangu."
Nikamshikia. Jana ilikuwa ya tisa.

Bwana Hamad wa chumba cha kwanza alitapika,
nikapiga deki, nikakimbilia kumbadilisha shuka,
maji yakabaki juu ya vigae, yanang'aa kwa taa ya ukumbini
kama hayana nia mbaya na mtu.

Mzee Asaa akaamka kwenda kutawadha.
Miaka arubaini alipanda mikarafuu ya watu,
mvua ikimkuta juu, tawi likimlilia chini ya unyayo,
na hakupata kuanguka; wala hakutuacha tukasahau,
kila uji wa asubuhi na hesabu yake ya miti.
Amekuja kuangushwa na kigae.

Nilimkuta kalalia ubavu,
kandambili moja imefika mlangoni peke yake.
"Usiite watu," akasema. "Ninyanyue tu, Mize,
yaishe mimi na wewe."
Nikamtia mikono makwapani.
Mwenyewe hakusema kitu.
Mfupa ndio uliosema.

Asubuhi alikuja bintiye, na chupa ya chai na kanga mbili za kumfunikia.
Akanishika mkono, akanambia, "Usijitese, mwanangu.
Ajali haina kinga."
Nikashukuru. Nikataka sana kuliandika hilo,
lingeenea vizuri kwenye safu.

Lakini hii ilikuwa nayo, kinga.
Ya manjano. Imesimama jikoni, paka chini yake.

Nikaandika:
Sakafu niliipiga deki mimi. Kibao sikuweka.
Zamu ni ya watu wawili, nilikuwa mmoja,
na nilikaa kimya siku tisa.
Jina la Riziki nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.
Nilimnyanyua peke yangu, naye alishaumia.
Maneno yakavuka safu, yakaingia mistari ya ajali
ambazo bado hazijatokea.

Sista Zuwena akasoma kasimama, miwani puani.
Nilingojea ukali; ningeupokea.
Akauliza tu, "Kibao kiko wapi?"
akaenda mwenyewe kukichukua, akakiosha kwa sabuni.

Tangu siku ile mlango wa jikoni unabamiza kutwa,
chai zinamwagika, mpishi anaruka,
na paka kahamia chini ya kabati la mashuka.
Mzee Asaa, karudi na gongo la chuma,
kila mlango ukilia hushtuka, akauliza nani kaanguka.
"Hakuna, babu," namjibu.
"Hakuna mtu."