Inchi Mbili

Laki nane na nusu, nimezifunga kwenye ncha ya khanga.
Nimezihesabu mara tatu, hazikuzaa.
Landrova ya mia na tisa imesimama uani kwa Fundi Hizza,
Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
matako chini kama mtu aliyechoka kungojea cheti.

Nataka inyanyuke, nilimwambia.
Njia ya Amani ina jiwe, madereva tunaliita Mkaguzi:
halimpitishi mtu bila kumpapasa tumbo.
Mara mbili limenitoboa tangi.
Mara moja lilikunywa oili yote ya difu,
iliki yangu ikalala njiani, ikawanukia wapita njia.

Mpwa wangu Mbaraka ana simu, na simu ina picha.
"Inchi sita, shangazi! Springi mpya, shokapu za manjano,
zinatoka Dar, milioni tatu na kitu."
Hicho "na kitu" ndicho kilichoniuma.

Msagati wa vipuri naye akaegemea lango:
"Bloku za chuma, elfu sabini tu.
Zinachomekwa chini ya springi,
chai haijapoa umeshakuwa mrefu."
Mrefu wa visigino, nikawaza, ila bei yake ilinichekea.

Hizza hakumjibu mtu.
Alivua kofia, akaingia chini ya gari kingalingali.
Nikawa naona miguu tu, na ndara moja.
Sauti ikatokea kwenye chasisi:
"Inchi sita ni za kwendea harusini, mama.
Huku chini ukimwinua mmoja, ukoo mzima unadai.
Paipu ya breki itasema inavutwa,
propela itasema shingo inamuuma,
stelingi itaanza kutangatanga,
na kona za Kisiwani hazitazami picha."

Na bloku?

Kimya. Spana ikaanguka kwenye saruji.
Nikalichukua hilo kuwa jibu.

Alipotoka alikuwa na futi mkononi,
akapima toka ekseli hadi chasisi, kushoto, kulia,
akaandika kwa chaki kwenye mlango wangu.
"Gari hili halikuzaliwa fupi.
Limepoteza inchi mbili kwa magunia yako,
miaka kumi na mmoja, kidogo kidogo,
kama mtu anavyozeeka wa nyumbani wasione.
Usinunue kimo. Nunua ulichopoteza."

Tukaenda kwenye skrepa, Majani Mapana,
nikacheka peke yangu: kwa jina hilo,
majani ya springi nikayatafute wapi pengine?
Yalikuwa ya lori lililokufa.
Kaoneka, kijana wa gereji, aliyagonga moja moja kwa nyundo,
kichwa kainamisha, anasikiliza:
lenye ufa hulia kama chungu kibovu.
Tulikataa matano, tukachukua manne,
laki mbili na ishirini, baada ya kugombana.

Bushi mpya. Yu-bolti mpya. "Hapo usinibanie," alisema Hizza,
nami sikubana.
Paipu za breki ndefu kidogo, hizo hata sikuuliza.
Shokapu mbili za nyuma;
za mbele zitangoja iliki ya Machi.
Mbaraka alinunuliwa soda, akainywa amenuna.

Kwenye ncha ya khanga zikabaki elfu arobaini.
Hizza anafuta mikono: "Bado kuna kimo cha bure.
Unapakia magunia mangapi?"
Kumi na manne.
"Pakia kumi na matatu."
Nilimtazama kama aliyenitukania mama.

Alhamisi nilishuka toka Amani,
mvua ya jana bado imelala njiani.
Mkaguzi alikuwa palepale, katoa kipara.
Nikazima redio. Nikaingiza gia ya kwanza,
nikausubiri ule mkwaruzo ninaousikia kwenye meno.

Haukuja.

Nikasimamisha gari juu yake, nikashuka,
nikapiga magoti topeni kwa gauni la safari,
nikapitisha mkono kati ya jiwe na difu.
Vidole vinne.
Vitatu vya Hizza.
Kimoja, kile kidogo cha mwisho,
cha gunia nililoliacha kwa wifi yangu,
na ambalo hadi leo linaniuma.