Ruhusa Mpaka Saa Kumi

Meli imefunga gati Malindi saa tatu.
Wageni wameteremka na kofia zao, wameshapangiwa:
viungo Kizimbani, kasa Nungwi, kisha wale.
Mimi, mfua mashuka wa sitaha ya chini,
nina kikaratasi cha ruhusa na saa saba.

Wete siwezi.
Boti ya Pemba hiyo hapo, ubavu kwa ubavu na sisi,
lakini ikinichukua leo hainirudishi leo.

Basi nende wapi? Kwahani, kwa dada Mize,
anipikie, alie, saa ziishie kwenye pole?
Nikanyolewe Darajani?
Nilale tu, mahali pasipotikisika?

Nimekunywa urojo wima, umeniunguza ulimi.
Nimenunua doti ya kanga, nikalisoma jina lake mara mbili,
nikamkabidhi baharia wa boti, kijana wa Kojani:
"Mpe Bi Time Shaame, Limbani, nyuma ya msikiti.
Mwambie mwanawe..."
"Mwanawe nini?"
Honi ikalia. Ya boti, si yetu.

Saa tano bado zimo mfukoni.
Nimekaa kwenye ngazi za gati nazihesabu,
kama niliyerudishiwa chenji nyingi
na duka lishafungwa.